Khitma Juu ya Nondo

Siku kaka yangu Ousséni alipotutoka, nondo zake zilifika Hell-Ville pamoja naye.

Alikuwa amevuka kwenda bara, Antsahampano, kupokea chuma cha msikiti. Wapakizi walisema alisimamia kazi mpaka fungu la mwisho likaingia kwenye pantoni, kisha akasema anaona kizunguzungu, akaketi juu ya chuma chake, na hakuinuka tena. Nahodha hakuwa na mahali pengine pa kumlaza. Wakamfunika turubai, wakavuka naye.

Mimi nilikuwa gatini namngoja na chakula chake. Niliona chuma kwanza. Nikafurahi.

Wiki zilizopita nimesimulia tulivyomzika, na jinsi mkewe Nafissa alivyoingia eda katika chumba cha uani, nyumbani kwa mama yangu Mariamou. Aliyeanza kusoma leo na ajue hivi: nondo zile zilikuwa sadaka ya Ousséni kwa msikiti wa mtaa wetu hapa Hell-Ville, kisiwani Nosy Be, ili wanawake wapate roshani yao ya kusalia. Na aliyeichora roshani hiyo ni Nafissa, wifi yangu. Alikuwa mhandisi wa ujenzi.

Msomaji mmoja ameuliza tulikuwa tukizungumza lugha gani. Kikomoro nyumbani, Kisakalava sokoni, Kifaransa ofisini. Kiswahili alinifundisha baba, kwa ajili ya vitabu vya dini na biashara, na ndicho ninachoandikia, kwa kuwa kwa zile lugha nyingine nikianza nalia.

Ilikuwa mwaka 1989.

Nafissa alizaliwa Mahabibo, Mahajanga. Baada ya vurugu za mwisho wa mwaka 1976, Wakomoro walipouawa, watu wetu wengi waliuhama mji ule, na wazazi wake wakaja Nosy Be na magodoro na cherehani. Tulisoma naye darasa moja mpaka sekondari. Mimi nikaishia hapo. Yeye akaenda chuo kikuu Antananarivo, akasomea kupima udongo, kukokotoa mizigo na kuchora madaraja, msichana peke yake katika safu yake ya madawati. Alipomaliza akarudi Mahajanga kufanya kazi kwenye kampuni ya ujenzi.

Mwanzoni walimweka ofisini achore vyoo. Alichora vyoo mpaka akachoka, kisha asubuhi moja akaenda mwenyewe kwenye ghala lililokuwa likijengwa, akapanda ngazi, akawaambia mafundi zege lao lina maji mengi. Wakamcheka. Wakamwita Madamu Zege. Jina likashika, na baadaye wakawa wanamngoja kabla ya kumwaga.

Ousséni alipomposa, sharti lake lilikuwa moja tu: haachi kazi. Kaka yangu alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi. Akajibu kwamba mtu anayeuza misumari na saruji hana kichaa cha kumfungia ndani mke wa namna hiyo.

Sasa Madamu Zege yuko eda. Miezi minne na siku kumi hatoki, hajipambi, hakai na mwanamume asiye maharimu wake. Na nje, hatua chache kutoka dirisha lake, msikiti unaendelea kujengwa kwa mchoro wake.

Msimamizi wa mafundi, Attoumane, akawa anakuja kwenye dirisha la nyuma kuuliza. Mama aliruhusu kwa sharti: sauti ya mjane isimfikie. Kwa hiyo mimi nisimame katikati.

Nafissa anasema nyuma ya pazia kwamba ringi, zile pete za chuma zinazofunga nondo, zisogezwe karibu karibu mwanzoni mwa bimu. Attoumane anasikia kila neno, lakini anatazama ukuta mpaka mimi niyarudie.

"Aa, kumbe," anasema. "Mwambie Bweni nimeelewa."

Bweni ndivyo tunavyomwita mwanamke wa heshima.

"Nimemsikia," anasema Nafissa.

"Hajamsikia," anasema Mama kutoka jikoni. "Mwambie."

Namwambia. Katika msiba ule, hapo ndipo pekee nilipowahi kuuma mdomo nisicheke.

Majirani walikuwa na yao. Zaharia, wa nyumba ya pili, alipita na ndoo yake akasema kwa sauti ya kusikika, "Kwa wengine kizuka anasoma Kurani. Kwa hawa anasuka nondo." Kizuka ndiye mjane aliye eda. Niliona haya. Niliinamisha kichwa kana kwamba ni mimi niliyezisuka.

Lipo jambo moja Nafissa alilirudia mpaka likanichosha. Dari la katikati, linaloegemea kuta pande zote, chuma chake kikuu hulala chini. Roshani sivyo. Roshani yetu ilichomoza juu ya kichochoro cha kwendea sokoni, na nguzo haikuwezekana, maana watu wapite wapi. Inashikwa na msikiti kwa upande mmoja tu. Chuma chake kikuu hukaa juu. Juu kabisa, chini kidogo tu ya ngozi ya zege.

Attoumane alikata vipande vya chuma, akavipinda miguu kama viti vidogo, akavipanga chini ya nondo za juu zisishuke. Nafissa akaniomba nikatazame kwa macho yangu. Nikapanda, nikaona nondo zimekaa juu, zimenyooka kama kitanda kilichowambwa upya. Nilipomweleza, akajinyoosha akalala, mchana kweupe, kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Siku ya kumwaga zege ilikuwa imeshachaguliwa. Mwalimu wetu wa dini, Msaidié, alipiga falaki kutazama nyota, akasema Alhamisi, na kazi iishe kabla ya adhuhuri. Na arobaini ya Ousséni ikaangukia Jumatano.

Mjomba Boinali ndiye aliyeziunganisha. Ni kaka wa mama yangu, na kwa watu wetu neno la mjomba ndilo neno la nyumba. Pia alikuwa mkuu wa kamati ya msikiti. Akasema khitma ya Ousséni isisomwe nyumbani wala chini msikitini. Isomwe kule juu, kwenye chuma alichokitoa.

"Alikufa amekikalia," alisema. "Na sisi tukikalie tumwombee."

Mama alimbusu mkono. Mimi nililia, na kilikuwa kilio kizuri.

Jumatano baada ya alasiri wanaume walipanda. Walitandika mikeka juu ya nondo. Walipanda wazee wazito wa biashara, walipanda mabaharia, wakapanda wanafunzi wa chuo cha Kurani na walimu wao. Waliokosa nafasi katikati wakajaa kwenye roshani, maana huko kulikuwa na upepo. Chai na mikate vikapita mkono kwa mkono. Mwishoni wakasimama daira, wakashikana, wakawa wanayumba pamoja kwa dhikri, na mbao za chini zikawa zinajibu.

Sisi wanawake tulikuwa nyumbani tunasoma yetu. Nafissa alikuwa katikati yetu, kichwa chini, na hakuna aliyemwambia khitma ya wanaume inasomwa wapi. Mimi nilitoka mara moja kupeleka birika, nikatazama juu. Wanaume wa mtaa mzima walikuwa wamesimama hewani juu ya chuma cha kaka yangu. Nikasema moyoni, hakuna aliyewahi kuombewa hivi.

Asubuhi nilimpelekea Nafissa chai. Nje ngoma ilikuwa imeshaanza. Kwetu siku ya kumwaga zege ni ya watu wote: vijana hupanga mstari wa ndoo, wanawake hupika wali, mtu hukosa kwenda kwa ugonjwa tu. Nilitaka na yeye apate fungu lake la furaha. Nikamsimulia khitma ilivyokuwa.

"Walikaa wapi?" aliuliza.

"Juu."

"Juu wapi, wifi?"

"Kwenye nondo. Walitandika mikeka."

"Na roshani?"

"Ilijaa. Daira ilisimama palepale."

Aliweka kikombe chini bila kukionja. Hakuinua sauti. Alisema niende kwa Attoumane sasa hivi, atazame vile viti vya chuma, na roshani isimwagwe.

Nilikwenda. Nilipenya katikati ya wanawake na masufuria, nikamwita Attoumane pembeni, nikamweleza. Akapanda. Mjomba alipomwona anapanda naye akapanda. Waliinama pale juu muda mrefu kuliko nilivyotaka.

Attoumane aliposhuka hakunitazama. Alisema viti vimetandazika miguu, nondo za juu zimelala kwenye mbao pamoja na zile za chini. Inawezekana kuzikata nyaya, kuziinua na kuzifunga upya. Lakini zege limeshachanganywa, na nusu ya mchana itakwenda.

Mjomba alinivuta nyuma ya mifuko ya saruji. Hakunikaripia. Afadhali angenikaripia.

"Mwanangu Charifa, unataka niwaambie watu hawa kwamba khitma ya kaka yako imeharibu msikiti?"

Nilipangusa saruji mkononi.

"Chuma kimo ndani," alisema. "Kiwe juu, kiwe chini, kimo ndani. Rudi kwa mama yako."

Nilirudi. Nilimwambia Nafissa kama nilivyoambiwa. Alinifanya niyarudie maneno ya Mjomba, kisha akasimama, akachukua mtandio wake mweupe, akajifunika mpaka mikono.

Mama alikuwa mlangoni. Sijui alisikia kuanzia wapi.

"Ukivuka hapo," Mama alisema, "usinililie tena mwanangu."

"Mama, Mahajanga niliitwa kwenda kutazama roshani iliyoanguka. Iliangukia meza ya muuza kahawa. Vikombe vilikuwa bado vina kahawa, watu hawakuwa watu tena." Alivuta mtandio, akaanza upya. "Hii nimeichora mimi. Ousséni ametoa chuma. Ikianguka, imeanguka kwa mikono yetu wawili, na mmoja hayupo kujitetea."

Akapita ubavuni mwa Mama.

Nilimfuata kwa kuwa sikujua la kufanya. Ngoma ya kwanza ilinyamaza, kisha ya pili, kisha yule mpiga matari ambaye huwa hana habari na lolote naye akanyamaza. Wanaume wengine waliinamisha macho. Wengine hawakuinamisha. Kizuka anapita kichochoroni mchana, mumewe hata majani hayajaota kaburini. Nilipunguza mwendo, nikaacha watu wapite kati yetu, ili anayetazama asijue kama tumetoka pamoja.

Nafissa alipanda ngazi. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye roshani, akaketi juu ya nondo.

Mstari wa ndoo ulikuwa umeshafika karibu. Kijana wa mbele alisimama na ndoo yake haijui pa kwenda.

"Mwaga," Nafissa alimwambia. "Mimi siondoki."

Mjomba aliita kutoka chini, kwa upole mwingi wa mtu mwenye hasira, kwamba mke wa mpwa wake ashuke, watu wanatazama.  Nafissa alimwambia Attoumane anyooshe mkono.

Attoumane, kwa mazoea, akanitazama mimi nirudie.

Kuna waliocheka. Hata yeye alishtuka. Akanyoosha mkono.

"Mpeni ndoo iliyojaa."

Wakampa. Aliishika mkono umenyooka, uso ukaanza kumkunjika.

"Panauma wapi?"

Kwa mkono wa pili akagusa bega, juu.

"Hapo ndipo panapovutwa. Roshani nayo imenyoosha mkono, na watakaopanda ndiyo ndoo. Chuma chake mmekilaza kwapani. Kwapani kitashika nini?"

Attoumane aliitua ndoo, akajisugua bega.  Ninaamini wengi walielewa. Nilielewa hata mimi, niliyekuwa nimeyasikia dirishani mara zote zile nikayarudia kama kasuku.

Mjomba akamgeukia Mwalimu Msaidié. Nadhani alitaka msaada. Akauliza mbele ya watu kama mwenye eda anaruhusiwa kuwa pale alipo.

Mwalimu alifikiri. Kisha akasema mjane hutoka mchana kwa dharura na usiku akarudi nyumbani kwake, na kama hii si dharura basi yeye hajui dharura ni nini.

 Mjomba akatangaza kwa sauti kwamba nondo za roshani zitainuliwa kwanza, ndipo zimwagiwe. Akaapa kwa Mungu, watu wote wakasikia. Sasa, akasema, mjane arudi ndani.

Nafissa alikubali. Alishuka ngazi taratibu, nyuma nyuma, mtandio umemnasa mguuni. Kwenye kipago cha mwisho alinyoosha mkono nyuma, bila kugeuka, apate mtu wa kumshika. Mtu huyo alikuwa mimi. Hakukuwa na mwanamke mwingine karibu.

Nilitazama masufuria.

Akaruka mwenyewe. Zaharia alikuwa palepale na mwiko wake. "Haya," alisema, "leo Madamu Zege kafungulia eda ngazini." Wanawake wakacheka, na mimi midomo yangu ikacheka nao kabla sijaizuia.

Nyumbani, Nafissa alikaa karibu na dirisha kusikiliza. Kwa ngoma na kelele za ndoo alikuwa akijua wako wapi: sasa wako katikati, sasa wamefika kwenye bimu. Kisha tukasikia vigelegele vya kumaliza. Adhuhuri ilikuwa haijaadhiniwa.

"Mapema mno," alisema.

Baada ya alasiri Attoumane alikuja dirishani. Zege lilikuwa limemkaukia mpaka kwenye nyusi. Hakuningoja. Alizungumza na pazia lenyewe.

"Bweni, upande wa kibla tuliinua zote. Nilizifunga mimi."

"Na upande wa soko?"

Alibandua zege kwenye nyusi. Mama hakusema kitu kutoka jikoni.

"Mzee Boinali alisema saa ya falaki inapita," Attoumane alisema. "Nilizimwagia mimi mwenyewe, Bweni. Sikumwachia mtu."

Kwa hiyo nusu ya roshani ilikuwa na chuma mahali pake, na nusu nyingine haikuwa nacho. Kwa nje haionekani. Zege lililala jeupe, limesawazishwa vizuri, na mtu alishaandika jina la Ousséni ukingoni kwa msumari.

Jioni ile kikao kilikaa sebuleni, na maneno yakarudi kupita kwenye pazia. Nafissa alisema ivunjwe kesho, zege bado changa, kazi ya nyundo tu. Mjomba hakukubali. Akisema ivunjwe, ataulizwa kwa nini, na jibu ni moja: khitma. Mama alisema jina la mwanawe halivunjwi na nyundo yeye akiwa hai. Nikatakiwa niyapeleke maneno hayo nyuma ya pazia. Nikayapeleka.

Nafissa akashuka bei. Mirunda, zile nguzo za miti zinazoibeba roshani mpaka zege likomae, iachwe. Ikibidi kuondolewa, kichochoro kifungwe, kila mrunda ufungwe kamba na kuvutwa kutoka mbali, na asiwepo mtu chini wala juu. Ikisimama, ashukuriwe Mungu. Isiposimama, zimevunjika mbao na zege tu.

Niliona hilo halina ubaya. Nilidhani hata Mjomba angelipenda.

"Kamba ni ushahidi," alisema. "Nikivuta kwa kamba nimeungama mbele ya mji mzima."

Toka siku hiyo Mama alilaza godoro lake mlangoni kwa Nafissa, na dirisha la nyuma likapigiliwa ubao. Attoumane alipata kazi Nosy Sakatia, kwenye nyumba za watalii. Alikwenda bila kuaga. Wa kumpelekea Nafissa chakula nilikuwa mimi. Alinishukuru kila mara, kwa adabu, kama anavyoshukuriwa mtu wa hotelini.

Lakini maneno yalitoka. Wachuuzi walianza kuzunguka njia ya pili kwenda sokoni. Mwanamke mmoja aliniuliza kwa nini mnaiita roshani ya khitma, ni kwa ajili ya aliyekufa au watakaokufa? Mjomba alikuwa akikutana na hayo kila aendapo, na kila siku alirudi amekonda zaidi. Sikuwahi kumwona mzee yule akiogopa kitu, na nilidhani anachoogopa ni kuanguka kwa roshani. Sivyo. Alikuwa anaogopa wasemavyo watu kuhusu arobaini ya mtoto wa dada yake, ambayo yeye ndiye aliyeipandisha juu.

Jumatano moja alikuja, akaketi na Mama sebuleni, akaniita.

Zege limeshakomaa, alisema. Mirunda inatoka Ijumaa baada ya sala, mbele ya watu. Na mrunda wa kwanza, kwa kuwa roshani ni sadaka ya Ousséni, utagongwa na damu ya Ousséni.

"Mtoto hakuacha," alisema. "Damu yake ni wewe."

Nikauliza kwa nini isiwe yeye.

"Mimi wanasema najitetea. Wewe walikuona siku ile unamfuata mkewe. Wakikuona wewe umesimama chini, na nyundo mkononi, watanyamaza."

Kumbe walikuwa wameniona. Nilikuwa nimejificha katikati ya watu bure.

Mrunda wa mwisho ukitoka, alisema, wanawake watapanda hapo hapo kusali rakaa mbili. Mama atatangulia, ndiye mama wa mtoaji. Mama alikuwa ameshatoa zulia la kusalia kabatini. Alinitazama kwa mapenzi ambayo sikuyaona tangu siku ya pantoni, na mimi, mtu mzima mwenye akili zangu, niliyatamani.

Neno la kukataa nilikuwa nalo. Lilikuwa fupi. Lakini nikikataa nimesema mbele ya mama yangu kwamba dua ya wanaume wote wale haikumfaa mwanawe, ila iliwadhuru wengine. Nilinyamaza. Mjomba akachukua ukimya wangu kuwa ndiyo, na sikumsahihisha.

Alitoa nyundo kwenye kikapu, akaniwekea mapajani. Ilikuwa mpya, ina vumbi la duka la kaka yangu.

Nilipeleka chakula cha jioni mapema. Nafissa alikuwa anasoma. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, kwa haraka, kama mtu anayetapika. Nilitegemea atakasirika. Aliuliza tu wataanza na mrunda upi.

"Wa pembeni," nilisema. "Upande wa soko. Mjomba anasema huko ndiko watu watakakosimama kutazama."

Alifunga msahafu.

"Anayegonga husimama chini yake, wifi."

"Najua."

"Hujui." Alitazama godoro la Mama mlangoni, kisha akanisogelea. Akaniambia nianze upande wa kibla. Nibaki karibu na ukuta. Nikisikia sauti kama ya muwa unavunjwa nisitazame juu, nikimbilie ukutani. Na Mama asipande, hata kama nitalazimika kumshika miguu mbele ya watu.

Nilirudi sebuleni. Mama alikuwa amelikunjua zulia sakafuni anatafuta palipotoboka. Nilipiga magoti mwisho wa pili wa zulia, nikamwambia kila kitu Attoumane alichosema dirishani, upande wa kibla na upande wa soko. Nilimwambia asipande.

Alinisikiliza mpaka mwisho, akiwa bado anapapasa nyuzi.

"Siku ile nilikuwa jikoni," alisema. "Nilimsikia."

Kisha akaniomba nimshikie pembe ya zulia, tulikunje.

Usiku huo wa Jumatano, Ijumaa ni kesho kutwa. Sala inaanza saa saba. Ikiisha, nagonga mrunda wa kwanza, upande wa soko, na Mama anangoja kwenye ngazi.